Programu yetu ya likelemba ni ya Ubuntu, laptopu niliyonunua ina Fedora

Jambo Fundi,

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wamama wauzaji wa soko hapa Katuba, Lubumbashi. Kila wiki tunachanga, tunakopeshana, na mwezi wa kumi na mbili tunagawana; ndiyo likelemba yetu. Zamani nilikuwa naandika yote katika daftari, lakini wanachama walipoongezeka daftari likanishinda. Mtoto wa dada yangu, wakati anasoma mambo ya kompyuta, alitutengenezea programu ndogo ya hesabu. Inashika faranga na dola, na inaonyesha kila mama anadai nini na anadaiwa nini. Ilikuwa ndani ya laptopu yenye Ubuntu 20.04, mojawapo ya mifumo ya Linux, na haikutusumbua hata kidogo, mpaka siku umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, laptopu ikaungua.

Namshukuru Mungu faili ya hesabu nilikuwa nimeiweka kwenye flashi, pamoja na kifurushi cha programu yenyewe, kile ambacho jina lake linaishia na .deb. Nimenunua laptopu nyingine, iliyokwisha kutumika, nayo ina Fedora, Linux nyingine. Nilipobonyeza kile kifurushi, ilikataa. Kijana mmoja wa fotokopi akaniambia kuna programu inaitwa alien inayogeuza .deb kuwa .rpm. Tukageuza. Fedora ikakataa tena, ikisema "file / conflicts with file from package filesystem". Kijana akaandika amri yenye --force na --nodeps, ikaingia. Tulipoifungua programu, ikasema "libssl.so.1.1: cannot open shared object file". Akatengeneza kiungo kutoka libssl.so.3 ili ionekane kama 1.1. Ikaja nyingine: "version OPENSSL_1_1_0 not found".

Sasa anasema hakuna njia, laptopu ifutwe yote na iwekwe Ubuntu mpya, nami nimlipe kwa kazi hiyo. Mwenye programu yuko Kolwezi, kwa simu hapatikani kirahisi. Mwenyekiti ameanza kuuliza hesabu iko wapi, na najua wamama wengine wananong'ona kwamba nimeficha pesa. Sijaficha hata faranga moja.

Nifanye nini? Na kwani hizo Linux si kitu kimoja?

Mweka hazina, Katuba

JIBU

Mama, jambo sana, na pole kwa usumbufu huu wote. Nitaanza na lile la haraka kuliko yote: kabla hujagusa tena laptopu, nakili ile faili ya hesabu kutoka kwenye flashi. Kwa jinsi ulivyoandika, naona pesa za kikundi kizima zinategemea flashi moja. Iweke kwenye laptopu, iweke kwenye flashi ya pili umpe mwenyekiti aishike, na ujitumie mwenyewe kwa barua pepe kama faili si kubwa. Programu inaweza kutengenezwa upya na mtoto wa dada yako. Hesabu ya mwaka mzima hakuna atakayeweza kuitengeneza upya.

La pili, usikubali laptopu ifutwe. Nalisema kwa nguvu kwa sababu ushauri ule haungekusaidia hata kama ungelipa. Programu yako inatafuta OpenSSL, maktaba ya usimbaji (yaani faili za kazi ambazo programu nyingi huazima), ya toleo la 1.1, maana ndiyo iliyokuwa ndani ya Ubuntu 20.04. Kuanzia Ubuntu 22.04, OpenSSL 1.1 iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na 3.0. Maana yake, ukiweka Ubuntu mpya leo, utaweka kile kifurushi cha .deb na utaambiwa kwamba libssl1.1, yaani hiyo OpenSSL 1.1, haipo. Ungelipa pesa, ungepoteza siku, na ungerudi hapo hapo ulipo, tena bila mfumo uliokuwa ukifanya kazi. Kosa si Fedora, Mama, wala hukununua laptopu mbaya.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama Linux zote ni kitu kimoja: kilicho kimoja ni kerneli, ule moyo wa mfumo unaoongea na vyombo vya mashine. Vitu vinavyoizunguka kerneli hiyo kila distro, yaani kila aina ya Linux kama Ubuntu au Fedora, huvipanga kwa namna yake. Kifurushi cha .deb ni kasha lenye mambo mawili makubwa: faili za programu yenyewe, na karatasi ya maelezo inayotaja vitu ambavyo lazima viwepo kwanza. Karatasi hiyo inavitaja kwa majina ya Debian na Ubuntu. Kinachoitwa libssl1.1 upande ule, Fedora inakiweka ndani ya kifurushi kinachoitwa openssl-libs, na kwa toleo jingine. alien inageuza kasha, lakini haiwezi kugeuza mahitaji ya programu iliyomo.

Ndiyo maana ulipata lile onyo la kwanza kuhusu "file /". Lilikuwa onyo la kweli na halikupaswa kupitwa. Kifurushi kilichogeuzwa na alien kilikuwa kinadai kwamba folda kuu za mfumo ni mali yake, wakati Fedora tayari inajua kwamba ni mali ya kifurushi kinachoitwa filesystem. Kulazimisha hapo kunaweza kubadilisha ruhusa za folda hizo, na kwa vifurushi vingine kunaweza kuharibu hata folda ya /lib, ambayo kwenye Fedora ni kiungo tu cha kwenda /usr/lib. Laptopu yako bado inawaka, kwa hiyo nadhani umeponea. Lakini tusafishe.

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

rpm -qa --last | head

Utaona vifurushi vilivyoingia mwisho, na kile cha hesabu kitakuwa karibu na juu. Kiondoe kwa jina lake kamili kama lilivyoandikwa pale:

sudo rpm -e jina-la-kifurushi

Kisha tazama kile kiungo alichotengeneza kijana, mimi nakiita uzi:

ls -l /usr/lib64/libssl.so.1.1

Ukiona mshale unaoelekea libssl.so.3, huo ndio uzi wa bandia, ufute kwa sudo rm na jina hilo hilo. Kama alitengeneza na wa libcrypto.so.1.1, nao ufute vilevile. Usiguse kabisa faili zenye .so.3, hizo ni za Fedora na mfumo wako unazitegemea. Mwisho wa usafi ni huu:

rpm -V filesystem

Ikinyamaza, folda ziko salama. Ikitoa mistari, andika sudo rpm --restore filesystem, itarudisha ruhusa na umiliki kama vilivyokuwa. Baada ya hapo sudo dnf check itakuambia kama kuna kifurushi kingine kinacholalamika.

Nataka nikae kidogo kwenye ule uzi, kwa sababu hila hiyo imeharibu mashine nyingi na bado mafundi wanafundishana. Kuipa maktaba ya toleo la 3 jina la toleo la 1.1 hakubadilishi chochote ndani yake. Ndani ya OpenSSL 1.1 kila kazi imepigwa muhuri wa toleo lake, kama OPENSSL_1_1_0. Ndani ya 3 muhuri ni mwingine. Programu yako ilipofunguliwa ilikagua muhuri, ikakuta si wenyewe, ikasimama. Nayo ilifanya vizuri kusimama, maana programu ya pesa inayoendelea kufanya kazi na maktaba isiyo yake ndiyo ya kuogopa. Bati lililokatwa kwa paa la jirani halitoshi kwako kwa kuandikwa jina lako.

Sasa njia yenyewe. Badala ya kuilazimisha programu iishi ndani ya Fedora, ipatie Ubuntu 20.04 yake ndogo ndani ya laptopu hiyo hiyo, pembeni, isiyogusa mfumo wako. Kitu hicho kinaitwa kontena. Si kompyuta ndani ya kompyuta, kwa hiyo hailemei mashine: inatumia kerneli ile ile ya Fedora, na kinacholetwa ni maktaba na faili za Ubuntu tu. Chombo kinachofanya kazi hii iwe nyepesi ni Distrobox, kikisaidiwa na Podman, na vyote viwili Fedora inavyo katika ghala lake:

sudo dnf install podman distrobox

Halafu tengeneza kontena. Nimeiita hesabu, wewe iite utakavyo:

distrobox create --name hesabu --image docker.io/library/ubuntu:20.04

distrobox enter hesabu

Mega zitakwenda, Mama, nisikufiche. Picha ya Ubuntu yenyewe, yaani nakala ambayo kontena linajengwa kutoka kwake, ni makumi machache ya megabaiti, lakini mara ya kwanza ukiingia, Distrobox itashusha vitu vingine vingi vya kujiandaa, na hapo ndipo mega zinapoliwa. Fanya kazi hii mahali penye wifi ya kuaminika, parokiani au chuoni kwa mtu unayemjua, na betri ikiwa imejaa ili umeme ukikatika usikuachie nusu njia.

Ukiisha kuingia, mstari wa terminali utabadilika na kuonyesha jina la kontena. Sasa uko Ubuntu. Folda yako ya nyumbani ni ile ile ya Fedora, kwa hiyo nakala ya faili ya hesabu na kifurushi cha .deb utavikuta pale pale ulipoviweka. Nenda kwenye folda yenye kifurushi, uandike:

sudo apt update

sudo apt install ./hesabu.deb

Jina badilisha liwe la kifurushi chako, ila ile nukta na mkwaju vilivyo mbele yake usiviache. Bila hivyo apt itaenda kutafuta kifurushi cha jina hilo kwenye maghala ya Ubuntu, isikione, na utadhani njia imeshindikana. Wengine watakuambia utumie dpkg -i. Itaingiza programu, lakini haitakwenda kuleta libssl1.1 na wenzake. apt italeta vyote vilivyotajwa kwenye ile karatasi ya maelezo, kwa majina yake yenyewe, kutoka Ubuntu yenyewe.

Ifungue programu kutoka hapo hapo kwa kuandika jina lake. Ikifunguka, ukiwa bado ndani ya kontena andika:

distrobox-export --app jina-la-programu

Alama yake itatokea kwenye menyu ya Fedora pamoja na programu nyingine, na kuanzia siku hiyo hutahitaji terminali kwa kazi ya kila wiki. Kwa kuchapisha orodha za wanachama, nakushauri uhifadhi kama PDF katika folda yako ya nyumbani, kisha uichapishe kutoka Fedora. Madereva ya printa hukaa kwenye mfumo wenyewe, na sioni sababu ya kuhangaika nayo ndani ya kontena.

Wamama, najua, hawatasubiri mpaka umalize haya yote. Kuna jambo unaloweza kufanya jioni ya leo. Programu ndogo nyingi za namna hii huhifadhi data katika faili moja ya SQLite, yaani hifadhidata ndogo. Chukua nakala, usiiguse faili halisi, uandike file kisha jina la ile nakala. Ikijibu kwamba ni SQLite 3.x database, weka programu inayoitwa sqlitebrowser kwa dnf, ufungue ile nakala, na utaona majedwali: majina, michango, mikopo, tarehe. Haitakuwa nzuri ya kutazama kama programu yenyewe, lakini namba zitakuwepo mbele ya macho yako, bila libssl wala Ubuntu. Mwite mwenyekiti na mama mwingine mmoja waketi nawe mkizitazama. Ikijibu neno data tu, huenda faili imefungwa kwa siri, na hapo itabidi usubiri programu yenyewe ifunguke. Kwa vyovyote, rudisha daftari kwa michango ya sasa, kila mama atie sahihi mbele ya jina lake, mpaka mashine ipone. Kunong'ona kutapungua wakiona unaandika mbele yao.

Kuna mambo mawili kuhusu kontena ambayo mtu akikuuzia njia hii huenda asikuambie. La kwanza, si ukuta wa ulinzi. Programu iliyo ndani ya Distrobox inaweza kusoma folda yako ya nyumbani yote. Kwa programu ya mtoto wa dada yako hakuna shida, lakini .deb uliyopewa na mtu usiyemjua iogope ndani ya kontena kama unavyoiogopa nje. La pili, Ubuntu 20.04 ilimaliza muda wake wa kawaida wa matengenezo mwaka 2025, na OpenSSL 1.1.1 iliachwa na watengenezaji wake Septemba 2023. Programu inayohesabu faranga bila kuingia mtandaoni inaweza kuendelea humo. Usiweke kivinjari humo, wala usifanye humo mambo ya benki na simu.

Kwa hiyo, mpate mtoto wa dada yako kule Kolwezi hata kwa ujumbe mfupi. Umwambie mambo haya, atayaelewa: ajenge programu upya kwa OpenSSL 3, na akiweza aitoe kama AppImage, faili moja inayobeba maktaba zake na kufunguka kwenye distro nyingi bila kuwekwa. Aijenge kwenye mfumo wa zamani kidogo, asitumie mpya kuliko yote. Maktaba kubwa ya C, ile glibc, inatunza ahadi ya upande mmoja: programu iliyojengwa juu ya glibc ya zamani hufunguka kwenye mpya, lakini iliyojengwa juu ya mpya hukataliwa na ya zamani. Ubuntu 20.04 ina glibc 2.31, Debian 12 ina 2.36, na Fedora hutoka mara mbili kwa mwaka ikiwa na iliyo mpya. Ndiyo sababu kwa upande wa glibc hukupata lawama yoyote. Ungekuwa unatoka Fedora kwenda Ubuntu ya zamani, hilo lingekuwa la kwanza kukusimamisha.

Utasikia pia watu wakitaja Flatpak na Snap, namna nyingine za kufunga programu ili ifunguke kwenye distro nyingi. Ni njia nzuri, na kwa programu zinazojulikana, kama za kuandika au za picha, mimi huanza na Flathub, ghala la Flatpak, kabla ya kutafuta .deb yoyote. Lakini lazima mtengenezaji awe ameifunga programu yake kwa namna hiyo, na yako haijafungwa hivyo, basi tusipoteze muda huko.

Jambo moja zaidi, maana laptopu moja imekwisha kuungua. Kontena likishafanya kazi, lihifadhi lote kwenye flashi. Ukiwa nje ya kontena, kwenye Fedora:

podman container commit -p hesabu hesabu-salama

podman save hesabu-salama:latest | gzip > hesabu-salama.tar.gz

Faili hiyo ni ile Ubuntu ndogo pamoja na programu iliyokwisha kuwekwa. Kwenye laptopu nyingine yoyote yenye Podman na Distrobox utaandika podman load -i hesabu-salama.tar.gz, kisha distrobox create na jina la picha hiyo, na hutashusha tena zile mega za mwanzo. Kama kuna kikundi kingine cha wamama mtaani kinachotaka programu hiyo hiyo, ndivyo mtakavyowapa. Ila kumbuka, folda ya nyumbani haimo katika hifadhi hiyo. Faili ya hesabu inakiliwa peke yake, kila baada ya kikao.

Programu ikifunguka, kabla hujawasomea wamama namba yoyote, chukua ukurasa wa mwisho wa daftari la zamani au karatasi ya mwisho uliyochapisha kabla laptopu haijaungua, ulinganishe salio la faranga na salio la dola na yale yaliyo kwenye kioo. Zikilingana, itisha kikao. Zisipolingana, nitumie tarehe ya mwisho iliyo ndani ya faili, maana hapo huenda ikawa ni nakala ya flashi iliyochukuliwa mapema, na tutaangalia ni wiki zipi za kujaza kutoka kwenye daftari.